Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uhakiki wa Albamu Mpya

Ninahakiki albamu mpya za roki, popu na muziki wa kielektroniki kwa Kiswahili, nikiwa katika nyumba ya chumba kimoja mtaani Umoja, Nairobi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila wiki, mengine kwa adabu, mengine yakitanguliwa na matusi ambayo nimeyaondoa. Sikuyapanga kwa umuhimu.

Kwa nini uhakiki kwa Kiswahili muziki ulioimbwa kwa Kiingereza?

Kwa sababu wanaousikiliza hapa wanaubishania kwa Kiswahili. Kaa kiti cha nyuma kwenye matatu ya Rongai jioni, usikilize vijana wakigombana kuhusu Billie Eilish. Hutasikia sentensi moja ya Kiingereza iliyokamilika. Lakini wakitaka kusoma mtu aliyeifikiria ile albamu kwa utulivu, inawabidi wahamie lugha nyingine, kama mtu anayelazimika kuvaa suti ili anywe chai.

Sababu ya pili ni ya ubinafsi. Kiswahili hakinipi pa kujificha. Wahakiki wa Kiingereza wana maneno yaliyotumika hadi yakachujuka, na ukiyaandika yanapita bila mtu kuuliza yana maana gani. Mimi nikiandika kwamba wimbo "una hali ya ndoto", msomaji wa Kawangware ananiuliza palepale: ndoto gani, ya kukimbizwa au ya kuokota pesa? Inabidi niseme kilichomo, kwamba gitaa limerekodiwa mbali na kipaza sauti na linasikika kama mtu anayepigia chumba cha jirani.

Msamiati nao tunao. Wapenzi wa taarab na muziki wa dansi walishatuachia ubeti, kiitikio, kibwagizo, solo, rithimu na besi. Hata ile sehemu ya wimbo wa klabu ambapo mapigo yanakusanyika, yananyamaza kidogo kisha yanafunguka yote kwa pamoja, mimi huiita chemko. Wapenzi wa dansi waliliita hivyo zamani pale magitaa yaliposhika kasi, na sijaona haja ya kutafuta jina jingine.

Unaisikiliza albamu mara ngapi kabla ya kuandika?

Mara nne. Nimefika hapo kwa kuaibika, si kwa kusoma vitabu.

Mara ya kwanza huwa naosha vyombo, bila kalamu, nione kama kuna kitu kitakachonifanya nifunge mfereji. Mara ya pili nakaa na hedifoni na daftari, naandika dakika na sekunde: hapa ngoma zinaingia, hapa sauti ya pili inaongezwa, hapa kinanda kinaondoka na hakirudi. Mara ya tatu natoka nayo nje. Mara ya nne huja baada ya siku tatu bila kuigusa, na kabla ya kubonyeza najaribu kuimba nilichokumbuka. Nikishindwa kukumbuka hata mlio mmoja, hiyo tayari ni aya ya uhakiki.

Albamu iliyonifunza kutoiamini mara ya kwanza ni Songs of a Lost World ya The Cure, ambayo ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, baada ya bendi hiyo kukaa miaka 16 bila albamu mpya. Ina nyimbo nane tu. Wa kufungua, "Alone", unapigwa ala zaidi ya dakika tatu kabla Robert Smith hajatamka neno. Mimi nikiwa na sufuria mkononi nilidhani nimebonyeza toleo lisilo na mwimbaji, nikakausha mikono nikakagua simu. Daftarini niliandika: "Unachelewa." Mara ya nne ndipo nikaona kwamba kuchelewa ndiko kulikokusudiwa. Mtu anaimba kuhusu mambo yaliyokwisha, na muziki unamtangulia kuondoka, yeye anafika wageni wameshaanza kukunja viti. Lile neno moja la daftarini nililibakiza katika uhakiki, ila sikuliandika tena kama lawama.

Unasikilizia kifaa gani? Simu yangu inatosha?

Hapa lazima nitubu.

Nilinunua spika mbili kubwa za mtumba Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki katikati ya Nairobi, nikazibeba kwenye bodaboda nikiwa nimezikumbatia kama watoto. Nikaziunganisha mwenyewe. Kwa wiki tatu nilihakiki albamu nne, na katika zote nne nililalamika jambo moja, kwamba besi imekufa. Moja ya popu niliisema ina "miguu ya karatasi". Nilijivunia sana sentensi hiyo.

Siku moja stima ikaleta shida, nikamwita fundi wa ghorofa ya chini aangalie soketi. Wimbo ulikuwa ukicheza. Akasimama katikati ya chumba, akainamisha kichwa kama anayesikiliza injini ya gari, akauliza, "Boss, hizi spika zinagombana?" Akageuza spika ya kushoto. Waya mwekundu ulikuwa umeingia palipo na alama nyeusi, na mweusi palipo na nyekundu. Akazipishanisha, akakaza, na besi ikaingia chumbani kama mwenye nyumba.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Nyaya zikipishana kwenye spika moja tu, koni moja, ile sehemu ya spika inayotikisika, husukuma hewa mbele wakati ileile ambapo nyingine inaivuta nyuma. Mawimbi ya besi ni marefu, kwa hiyo yale ya kushoto na ya kulia hufutana kabla hayajafika kwenye kiti chako. Sauti nyembamba huponea, ila mwimbaji hukosa mahali pa kusimama, anasikika kama yuko kila upande. Sauti ya mwimbaji ikikosa makazi kwenye spika zako, kagua nyaya kabla hujamkagua prodyuza.

Albamu zote nne nilizirudia na kuandika masahihisho juu ya kila uhakiki, pamoja na tarehe. Makosa huwa siyafuti. Ile ya miguu ya karatasi kumbe ina miguu ya ndovu.

Sasa nasikilizia spika hizohizo, hedifoni moja ya waya na simu kwenye matatu. Simu peke yake haitoshi kwa sababu kispika chake hakifiki chini kabisa, na nusu ya albamu ya kielektroniki iko huko chini. Lakini usiidharau. Watu wengi Nairobi wataisikia albamu ile kwa simu tu, na prodyuza mzuri huhakikisha wimbo unasimama hata humo. Kama una wufa ya kawaida ya nyumbani, punguza kitufe cha besi hadi katikati halafu tuongee.

Mbona hutoi nyota wala alama?

Pitchfork, tovuti ya Marekani ya kuhakiki muziki, hutoa alama hadi pointi moja ya desimali, kutoka 0.0 hadi 10. Mwaka 2001 waliipa Discovery ya Daft Punk 6.4. Mwaka 2021 wakapitia upya baadhi ya alama zao za zamani, na ileile wakaipa 10. Albamu haikuwa imebadilika hata noti moja. Nawaheshimu kwa kukiri, lakini najiuliza ile desimali ilikuwa inapima nini.

Isitoshe, sisi tumelelewa na KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mkenya ukimwonyesha namba haisomi sentensi iliyo chini yake, anaanza kupanga nani wa kwanza na nani wa mkia.

Muziki wa kielektroniki usio na maneno unahakikiwaje? Si ni mlio tu?

Ni mlio, ndiyo, na hata gitaa ni mlio. Maneno yasipokuwepo najiuliza: kitu gani kinabadilika, na kwa kasi gani? Sauti hii iko karibu na sikio au upande wa pili wa uwanja? Nikiiondoa moja, nyumba inaanguka au inabaki imesimama?

Mfano wangu si albamu mpya, lakini ndiyo niliyojifunzia. KMRU, jina lake Joseph Kamaru, alizaliwa Nairobi na siku hizi makazi yake ni Berlin. Ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Mwaka 2020 lebo ya Editions Mego ya Vienna ilitoa albamu yake Peel, yenye vipande sita virefu. Hakuna ngoma ya kukushika mkono. Kazi yake hutokana sana na sauti za mahali anazorekodi mwenyewe, ambazo huzichakata hadi zinakuwa kama ukungu.

Nilianza kuisikiliza saa sita usiku kwa sauti ya chini. Nikasikia mvumo mzito, wa kudumu, uliokuwa ukipanda polepole nyuma ya kila kitu. Nikaandika nusu ukurasa kuuhusu. Niliulinganisha na jiji linapovuta pumzi usingizini. Halafu kukasikika "tak", mvumo ukakatika, na muziki ukaendelea bila wasiwasi. Ilikuwa friji. Nusu ukurasa wangu mzuri kuliko yote ya mwaka ule ulikuwa unaisifu friji.

Kesho yake niliichomoa, maziwa yakaharibika, nikasikia albamu yenyewe. Tabaka moja halimalizwi ili jingine lianze. La chini linajitokeza taratibu ndani ya la juu, jinsi rangi ya zamani ya ukuta inavyojitokeza pale mpya inapobanduka. Unashtuka dakika kumi zimepita na hukuona zamu ikibadilishwa. Hata hivyo siioni friji kama kosa tupu. Muziki wa namna hii unakufanya uanze kusikia nyumba yako, na swali "hii ni albamu au ni chumba?" ni swali la haki kabisa kuliandikia.

Lakini muziki huu si ni wa wazungu?

Just a Band, bendi ya hapa Nairobi inayotumia sana sintesaiza, walitoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008, wakafuata na 82 mwaka 2009, na video ya "Ha-He" ya 2010 ndiyo iliyomfanya Makmende, yule shujaa wake wa kuchekesha, awe gumzo la nchi nzima. Waliokuwa wakicheza wimbo ule kwenye harusi hawakuuliza sintesaiza ilitengenezwa wapi. Gitaa nalo halikuota Nyahururu.

Na roki? Kenya kuna roki kweli?

Kuna, na kuna wanaopiga vizito kuliko unavyodhani. Sikiliza Duma, wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao yenye jina hilohilo ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. Mswahili akiona jina anamfikiria yule mnyama mwenye mbio. Mkikuyu anasikia giza, na giza ndilo lililokusudiwa, ingawa mbio nazo zimo. Ngoma za mashine zinakwenda kasi ambayo mkono wa mtu hauiwezi, na juu yake Khanja anapiga mayowe kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba inayoungua.

Je, nilifurahi? Mara ya kwanza nilizima baada ya nyimbo mbili. Jirani aligonga ukuta wakati wa ule wa kwanza. Lakini nilipoirudia kwa hedifoni nilisikia kwamba zile kelele zina mpangilio, zinaachwa mapengo, na mapengo hayo ndiyo yanayotisha. Mwaka 2024 Khanja, akijiita Lord Spikeheart, alitoa The Adept kupitia Haekalu, lebo yake mwenyewe. Ina wageni wengi na inabadilika umbo zaidi. Naona Duma iliuma zaidi kwa sababu ilikuwa na vitu vichache.

Ukitaka kitu chenye magitaa ya kawaida na kiitikio cha kuimba pamoja, watafute Crystal Axis, ambao ni watu wa panki.

Mbona albamu za popu siku hizi zina nyimbo nyingi hivi?

Hesabu. Tangu Desemba 2014 chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ilianza kuhesabu kusikiliza mtandaoni, na kwa kanuni ile ya kwanza nyimbo za albamu kusikilizwa mara 1,500 kulikuwa sawa na nakala moja iliyonunuliwa. Kanuni zimerekebishwa baadaye, lakini mantiki ni ileile. Shabiki akipiga albamu ya nyimbo 30 mara moja, ameihesabia zaidi kuliko akipiga ya nyimbo 10. Zamani sahani ya santuri ilimlazimisha msanii kuchagua, maana upande mmoja ukizidi dakika ishirini na kitu sauti huanza kudhoofika.

Nilionja hesabu hiyo tarehe 19 Aprili 2024. The Tortured Poets Department ya Taylor Swift ilitoka usiku wa manane saa za New York, yaani saa moja asubuhi kwetu. Nikaamka mapema, nikanywa chai, nikamaliza nyimbo 16 saa mbili na dakika chache, nikaanza kuandika mwanzo wangu. Saa tatu kamili zikashuka nyingine 15. Jumla 31. Nilifunga daftari nikaenda kazini nimechelewa.

Na ndiyo sababu pia uhakiki wangu hautoki Ijumaa. Tangu Julai 2015 albamu nyingi duniani hutoka Ijumaa, na wanaowahi kuandika siku hiyohiyo wanahakiki matarajio yao tu.

Kinyume chake ni Hit Me Hard and Soft ya Billie Eilish, ya Mei 2024. Nyimbo kumi, bila hata mmoja kutangulizwa sokoni. "L'Amour de Ma Vie" unaanza kama wimbo wa baa tulivu, kisha unakatika katikati na kugeuka muziki wa klabu wenye sauti iliyochujwa kwa mashine. Katika albamu ya nyimbo 31 kipindi kile cha kugeuka kingepotea. Katika kumi kinakuinua kwenye kiti.

Ukisema albamu "imebanwa" unamaanisha nini?

Namaanisha fundi wa sauti amezishusha sehemu zenye kelele, kisha akainua wimbo mzima hadi ugonge dari, kiasi kwamba mnong'ono na ukelele vimekuwa kimo kimoja. Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, 2008. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi kuliko zile za kwenye diski. Ukisikiliza albamu iliyobanwa unachoka dakika ya ishirini bila kujua ni kwa nini, kama kusafiri kwenye nganya, matatu ya madoido na muziki mkubwa, ambayo konda amekataa kupunguza sauti toka mjini hadi stejini.

Kinachochekesha ni kwamba siku hizi ni kazi bure. Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo uliyoibana hadi dari hushushwa tu, na ubano unabaki.

Una wivu na wasanii?

Hapana. Siwezi hata kupiga kayamba.

Je, unalipwa? Nikikutumia kitu kidogo utaiangalia albamu yangu kwa jicho zuri?

Meneja mmoja aliwahi kuniandikia kwamba "kuna ya chai". Nikamjibu kwamba chai ninayo. Mchana nasahihisha maandishi ya watu, na bando la intaneti nalinunua mwenyewe. Albamu za wasanii wadogo huwa nazinunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, inapowezekana, kwa sababu hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali, na kwenye Ijumaa zao maalumu, walizozianzisha Machi 2020, hawakati fungu lao kabisa.

Unaruhusiwa kunukuu maneno ya nyimbo?

Mstari mmoja au miwili, kwa ajili ya uhakiki, na nikimtaja mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inatambua matumizi ya haki ya aina hiyo. Wimbo mzima, hapana. Hata ukiniomba kwa magoti.

Nitume vipi albamu yangu?

Tuma faili za WAV, au kiungo cha kupakua ambacho hakitakufa baada ya siku mbili. Nyimbo zipewe namba, maana nimewahi kuhakiki albamu kwa mpangilio wa alfabeti na kusifu "mwisho wake wa kijasiri". Andika nani alipiga nini na nani alifanya miksi. Usiniambie unafanana na nani. Nipe wiki tatu.

Na tafadhali mwambie mama asinipigie simu. Mmoja alipiga mwezi wa saba, tukaongea karibu saa nzima, akaniuliza kama nimekula, akaniombea. Ni mama mzuri sana, na albamu ya mwanawe bado haina besi. Nyaya nilikagua kwanza.